Ofisi ya msaada wa wakulima haiko: vile vitu vya serikali vinapatikana kaunti ya mashambani

Nikifika nyumbani kuna swali lazima liulizwe kabla chai haijapoa, ati ofisi ya kutoa msaada wa wakulima iko wapi, iko Wote, makao makuu ya kaunti yetu, ama ni mpaka mtu aende Nairobi. Hiyo ofisi haiko. Mbolea iko, miche ya miti iko, pesa za mabwawa na matuta ziko, mikopo iko, mafunzo yako, lakini kila kitu kina mwenyewe na hao wenyewe hawaongei, wengine wako jengo moja na bado hawajuani. Mkulima anazunguka na boda siku nzima, mia hapa mia pale, jioni anarudi na jibu moja tu: "hiyo si sisi."

Nitaongea ya Makueni kwa sababu ndiko kwetu, wadi 30, kaunti ndogo 6, lakini ukiwa Busia ama Tharaka Nithi badilisha tu majina ya vilima, mambo mengine yanafanana.

Zamani kidogo, kabla ya 2013, ilikuwa rahisi. Wizara ya Kilimo ilikuwa na mtu wake kuanzia Kilimo House pale Nairobi mpaka lokesheni, ukimwona bwana shamba umeiona serikali yote. Halafu Katiba ya 2010 ikaja na Jedwali la Nne ikagawa kazi. Sera ya kilimo ikabaki kwa serikali kuu, kilimo chenyewe, mimea na mifugo, kikaenda kaunti. Uhifadhi wa udongo, maji na misitu ukaandikwa kivyake, kwamba kaunti inatekeleza sera ya serikali kuu, yaani mmoja anaamua mwingine anashika jembe. Kwa hivyo bwana shamba akawa mtu wa gavana na chifu akabaki mtu wa rais. Hapo ndipo watu hupotelea. Kitu kinachotoka Nairobi na orodha ya majina kitapitia kwa chifu, na kitu kinachohitaji mtu akanyage shamba lako akuangalie mteremko na mahindi yamekuwa njano kwa nini, hicho ni cha afisa wa kilimo wa wadi. Halafu kuna mlango wa tatu, kamati za miradi ya wafadhili, huo nitaufikia, na nikuambie mapema ndio una pesa kuliko hiyo mingine na ndio watu wachache sana wanaujua.

Tuanze na mbolea kwa sababu ndiyo inapigiwa kelele. Septemba 2022 mfuko wa kilo 50 ulishushwa kutoka 6,500 mpaka 3,500, mwaka uliofuata ukashuka tena mpaka 2,500. Ili upate lazima uwe kwa rejista ya wakulima ya serikali kuu, ile wanaita KIAMIS. Mwanzo wa 2023 machifu, manaibu wao na wazee wa vijiji walizunguka wakiandika jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, ekari na unalima nini. Baadaye mesej inaingia kwa simu inakuambia umepewa mifuko mingapi na bei, unaenda depo ya Bodi ya Nafaka ama kituo kingine kilichoko karibu, unaonyesha kitambulisho, unalipa kwa simu, unabeba.

Kwa karatasi iko sawa kabisa. Sasa sikia ya mamangu. Siku ya kuandikishwa simu yake ilikuwa imezima chaji, akatoa namba ya kakangu, si ni mtoto wake. Kakangu alikuwa ashaenda kutafuta kazi Mombasa. Mesej ikaingia kwake, akaiangalia, akaona maneno ya mbolea na pesa, akasema hawa ni wale matapeli wa simu walioko jela, akafuta. Mamangu huku anangoja, jirani wamebeba, yeye anaambiwa na kila mtu avumilie itakuja. Tulijua ukweli miezi mitatu baadaye siku ya matanga ya mtu mwingine kabisa, kakangu anapiga stori ya vile matapeli siku hizi wamejua hata mamake ni mkulima. Nilicheka, mamangu hakucheka.

Kwa hivyo kabla ya kulaumu mtu, nenda kwa chifu na kitambulisho uulize tu: jina langu liko na namba gani? Kama laini imebadilika, iandikwe upya. Kama mzee alifariki na shamba bado linasoma kwa jina lake kwa rejista, wewe unayelima ndiye unafaa kuandikwa, na hapa watu huogopa wakidhani wanaulizwa mambo ya urithi, kumbe hiyo rejista inataka kujua nani analima. Usiongeze ekari pia. Kuna mtu aliandika ekari kumi akiwa na mbili, akaletewa mesej ya mifuko hawezi kulipia hata theluthi, akabaki anatafuta wanunuzi wa magendo.

Mpango huu una aibu yake pia, tusijifanye. Mwanzo wa 2024 kuna mifuko iliyouzwa kwa wakulima kupitia mpango huo huo ikapatikana si mbolea ya kuitwa mbolea, ikaleta moto mpaka bungeni, serikali ikaahidi kufidia walioathirika. Tangu hiyo siku mamangu hafungui mfuko bila kuchukua kiganja kimoja akitie kwa maji ya glasi. Sijui anasoma nini pale kwa glasi lakini simkatazi. Mimi nasema weka risiti na ukate kile kipande cha gunia chenye jina na namba ya toleo, kwa sababu siku ya kulalamika utaulizwa hicho na si maneno.

Na kuna hili la majira, ambalo linauma sisi wa Ukambani. Kelele zote za mbolea huwa Februari na Machi, mvua ndefu, kwa sababu ndio msimu wa watu wa Bonde la Ufa. Kwetu mvua ya kuaminika ni ya Oktoba mpaka Desemba. Ukisikia redio imeanza kutangaza mbolea Machi na wewe huna haraka, sawa, lakini ikifika Agosti anza kusumbua depo, usingoje matangazo.

Lakini mbolea ukiimwaga kwa shamba la mteremko ambalo halina matuta umelisha mto. Huko kwetu Mbooni kuna mashamba ukiangusha malenge juu unaenda kuliokota kwa jirani. Na hapa kwa udongo ndipo historia yetu iko ndefu kuliko ya mbolea. Miaka ya 1930 mkoloni aliona Ukambani imekuwa korongo tupu, dawa yake ikawa kunyang'anya watu ng'ombe, na 1938 Muindi Mbingu akaongoza maelfu ya Wakamba mpaka Nairobi kumtafuta gavana wa mkoloni, wakakaa huko majuma. Baadaye ikaja kuchimba matuta kwa nguvu. Uhuru ulipofika wengi waliyaacha yabomoke, kwa sababu yalikuwa yananuka mkoloni. Kilichorudisha matuta ni mwethya, vile vikundi vya akina mama na majirani vya kulimiana zamu kwa zamu, halafu 1974 serikali ikaanza mpango wa kitaifa wa kuhifadhi udongo na maji kwa msaada wa Sweden. Wa enzi ya Moi mnakumbuka gabioni, zile kuta za mawe yaliyofungwa kwa waya, rais mwenyewe ameshika mawe kwa televisheni.

Tuta lililoshinda mengine yote linaitwa fanya juu, na jina lenyewe ni maelezo. Unapima mstari unaokata mteremko, vijiti viwili, kamba, na pimamaji ya fundi katikati ya kamba. Unachimba mtaro wa kama futi 2 kwenda chini na futi 2 upana, na udongo wote unaurusha upande wa JUU wa mtaro. Watu huuliza kwa nini ujitese kurusha juu wakati kurusha chini ni rahisi. Ni hivi, ule ukuta ukiwa juu ya mtaro, mvua ikileta udongo kutoka juu unakwama nyuma ya ukuta, mwaka huu kidogo, mwaka ujao kidogo, baada ya misimu kadhaa shamba lako lenyewe limejipanga ngazi ngazi, na jembe lako halikuhusika. Unaacha nafasi ya kukanyaga kati ya ukuta na mtaro ili usirudi kuanguka ndani, unapanda nyasi ya kushika ukuta, nepia ama makarikari, ng'ombe apate wa kula, na ndani ya mtaro unaweka ndizi ama papai kwa sababu hapo ndipo maji hukaa. Mteremko ukiwa mkali unasogeza matuta karibu karibu. Kipimo kikikosewa, mstari ukilala upande mmoja, maji yote yatakimbilia huko na utakuwa umejichimbia korongo kwa mikono yako, kwa hivyo hapa, hapa sasa, ndipo unahitaji afisa wa wadi. Kupima ni kazi yake na si ya kulipia. Atakuambia hana pikipiki ama pikipiki haina mafuta, na mara nyingi ni kweli, mtu mmoja anahudumia maelfu. Sisi tulimchukua na boda yetu, tukamkusanyia mashamba saba ya jirani asubuhi moja. Peke yako utamngoja mpaka mvua.

Sasa swali la pesa. Kuna watu wamesikia nchi zingine serikali inamlipa mkulima kwa kulaza shamba ama kupanda nyasi kando ya mto, wanauliza zetu ziko wapi. Kwetu ni nadra sana mtu mmoja kulipwa achimbe shamba lake. Pesa ya uhifadhi inapitia kwa kikundi, na hapa ndipo ule mlango wa tatu uko.

Ulisikia NARIGP, ulisikia KCSAP, hizo zilikuwa programu za Benki ya Dunia na serikali, kila moja na kaunti zake, zikaisha, mwaka 2022 ikafuata NAVCDP. Majina yanabadilika kila baada ya miaka mitano ili kutuchanganya, nafikiri, lakini utaratibu ni ule ule: kaunti inachagua mazao machache ya kusukuma, kwa mfano embe ama kuku wa kienyeji, na msaada unaenda kwa vikundi vya wakulima wa hayo mazao, SACCO zao za wadi na vyama vyao vya kuuza. Kama zao lako halimo kwa orodha ya wadi, hata ulie hutapata, na hiyo orodha afisa wa wadi anayo. Mimi ningeuliza hiyo kabla ya kuuliza kitu kingine chochote.

Ndugu yake ni FLLoCA, hii ni programu ya tabianchi, nayo inakaa kwa idara tofauti ya kaunti, mara nyingi ile ya mazingira, ndio maana ukiuliza ofisi ya kilimo wanakuangalia tu. Hii inafanya kazi na kamati ya tabianchi ya kila wadi. Wananchi wanakaa, wanasema hapa shida yetu ni maji, ama korongo, ama miti imeisha, wanapanga kwa uzito, na yale ya juu yanaombewa pesa: bwawa la mchanga, kisima, kitalu cha miche, ukarabati wa chanzo cha maji. Makueni ilitangulia kwa hii mambo, kanuni zake za hazina ya tabianchi ni za 2015. Wanakamati ni watu wa wadi wa kawaida, mwalimu mstaafu, mama wa soko, kijana fulani. Uliza kwa baraza ni akina nani. Mimi nilipouliza nikakuta mmoja ni jirani yangu, tumekuwa tukisalimiana miaka miwili na hajawahi kutaja.

Ili muingie huko mnataka kikundi chenye karatasi, na karatasi hazitolewi na ofisi ya kilimo, zinatolewa na ofisi ya maendeleo ya jamii kwa kaunti ndogo. Watu wasiopungua 10, katiba ya kikundi, muhtasari wa mkutano wa kuchagua viongozi, nakala za vitambulisho, halafu akaunti ya benki. Mkishapata cheti msikifungie kwa sanduku. Vikundi vinavyokosa pesa mara nyingi vinakosea hapo, mwaliko unakuja Jumatatu wa kuleta proposali Ijumaa, cheti kimepitwa na wakati, mweka hazina yuko Kitengela, muhtasari wa mwisho ni wa mwaka juzi. Kikundi cha kuundwa kwa sababu umesikia kuna pesa kinajulikana haraka, daftari lake halina hata rekodi ya michango. Wale wa mwethya wako mbele hapo maana walikuwa wakichanga hamsini hamsini kabla mfadhili hajazaliwa.

Miti nayo ina watu wake. Sheria ndogo za 2009 zinasema mwenye shamba awe na miti asilimia 10 ya ardhi yake, na wengi hawajawahi kusikia. Misitu ya serikali iko chini ya KFS, shirika la huduma za misitu, na kama unapakana nayo kuna chama cha jamii cha msitu ambacho kupitia kwake unaweza kupewa sehemu ulime kati ya miche michanga mpaka ifunike, ule mfumo wa shamba uliobatizwa PELIS. Kwa ukame wa huku chini Kibwezi usiende kubeba mikaratusi sababu jirani ameipanda, KEFRI, wale watafiti wa misitu wa serikali, wana kituo Kibwezi na wamefanyia mukau kazi ya miaka, ni mti wetu, mbao yake inapendwa, unavumilia ukavu. Waulize mbegu zilizochaguliwa. Mbegu ya mukau kuota ni kiburi, lazima uvunje ganda ngumu uitoe, ndio maana miche yake ni ghali kuliko ya grevilea.

Mto ukiwa karibu nawe kuna chama cha watumiaji maji, hicho kiko chini ya sheria ya maji na kinaandika mpango wake wa bonde, nacho kinaweza kuombea pesa za kuziba makorongo na kulinda kingo. Huku Makueni ongeza mambo ya mchanga, kaunti ilitunga sheria yake 2015 ya kuulinda, kwa sababu mto wa msimu ukikombwa mchanga hauhifadhi maji tena, na lile bwawa la mchanga mlilojengewa linabaki ukuta wa saruji katikati ya mwamba. Nimeona kikundi kimoja kimeomba bwawa na wanachama wawili wanapakia lori usiku hatua mia tano juu yake. Hiyo sitasema zaidi, ni watu wa kwetu.

Mikopo sitakaa sana. AFC, shirika la serikali la mikopo ya kilimo, iko, wanataka dhamana na mara nyingi ni hati ya shamba, SACCO ya wadi ina riba nafuu kama ina pesa, hazina ya hasla, ile mikopo midogo ya serikali, iko kwa simu. Mkopo ni deni hata ukiitwa uwezeshaji, usiuweke kapu moja na mbolea ya ruzuku.

Kitu ambacho hakisemwi na mtu yeyote ofisini ni kalenda, na nimejifunza kwa uchungu. Mwaka wa pesa wa serikali unaanza Julai 1. Lakini ukienda Julai kuomba umechelewa karibu mwaka mzima. Mpango wa maendeleo wa mwaka ujao wa kaunti lazima ufike bunge la kaunti kabla ya Septemba 1, karatasi ya mwelekeo wa matumizi ni mwisho wa Februari, makadirio ya bajeti ni Aprili 30. Kabla ya kila tarehe kuna vikao vya wananchi, na Makueni vinaanzia kijijini kabisa kabla ya kupanda mpaka wadi. Pale ndipo mtu anasema "huku tunataka matuta" na karani anaandika. Watu huenda vikao vya barabara na zahanati na wanakaa kimya kwa udongo, halafu wanashangaa bajeti imejaa lami. Na hata ikiandikwa, pesa ya Hazina Kuu ikichelewa kuja, na huchelewa, mradi wa Agosti utachimbwa Mei.

Mwisho, matapeli pia niwataje. Mtu akikuambia fomu ya kuandikishwa mkulima ni mia tano, huyo ni mwizi, kujiandikisha ni bure. Akikuambia anaweza kukuingiza kwa orodha ya NAVCDP kwa elfu mbili, muulize kikundi chenu kitaingiaje bila cheti, utaona anaangalia saa.

Mamangu sasa amebadilisha laini kwa rejista, alisimama pale kwa chifu akaitisha namba isomwe kwa sauti mara mbili. Kikundi chao kina wanachama 14, tisa ni wajane, na Jumanne hii ni zamu ya shamba la jirani wa chini, afisa amekubali kuja saa mbili asubuhi. Boda imelipwa. Mimi nimetumwa kununua kamba mita hamsini na pimamaji, maana ile ya zamani fundi aliazima na hajawahi kuirudisha.